Saa Hufuata Lugha

Liko jambo dogo katika kujifunza lugha za kigeni ambalo wengi hulipita haraka, wakidhani ni kazi ya siku moja tu. Jambo hilo ni kutaja saa. Mwanafunzi hufundishwa kwamba saa mbili asubuhi kwa Kiingereza ni "eight o'clock", na kwa Kifaransa ni "huit heures". Naye huandika, hufunga daftari, akaona amemaliza. Kumbe hajamaliza. Baada ya miezi michache huulizwa saa, akababaika. Hutazama ukutani, huhesabu kwa vidole, kisha hutoa jibu lililo nusu Kiingereza na nusu Kiswahili.

Ndipo huja washauri wawili. Wa kwanza humwambia, "Saa ya Kiswahili ndiyo inayokuchanganya. Iache, utumie saa ya dunia nzima." Wa pili humwambia, "Usijisumbue. Jumlisha sita, basi." Mimi naona kwamba washauri hawa wote wawili hawamsaidii mwanafunzi, nami nataka kuwaeleza sababu zangu.

Kwanza tuulize, saa yetu ilitoka wapi? Ilitoka katika jua. Hapa Mnazi, katika nyika iliyo chini ya milima ya Usambara, jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja, mwaka mzima. Tofauti ya siku iliyo ndefu kupita zote na siku iliyo fupi kupita zote ni kama nusu saa tu. Kwa hiyo mkulima akiisha kufanya kazi saa moja tangu mapambazuko, husema ni saa moja. Akiisha kufanya kazi saa mbili, husema ni saa mbili. Jua likiwa juu ya utosi, nusu ya mchana imekwisha, nayo ni saa sita. Jua likizama, mchana umetimiza saa zake kumi na mbili, na hesabu ya usiku huanza upya. Hesabu hii haina fumbo lo lote. Hata mtu asiyejua kusoma huielewa, kwa maana inamwambia ni kiasi gani cha mchana kimepita na ni kiasi gani kimebaki.

Wala si sisi Waswahili peke yetu tuhesabuo hivi. Waganda huhesabu hivi katika lugha yao, Wanyarwanda vivyo hivyo, na Waethiopia pia. Hata watu wa kale wa nchi za Warumi na Wayahudi walihesabu saa za mchana tangu macheo. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 20, iko habari ya mwenye shamba la mizabibu aliyetoka kutafuta wafanya kazi saa ya tatu, ya sita, ya tisa, na ya kumi na moja. Mtoto wa Kiswahili akisoma habari hiyo haulizi neno. Anajua mara moja kwamba mtu aliyeajiriwa saa kumi na moja alifika jioni, kazi ikiwa karibu kwisha. Mtoto wa Kiingereza ni lazima aelezwe kwanza kwamba saa ile ya kumi na moja si "eleven o'clock" ya kwao, bali ni saa yao ya tano baada ya adhuhuri. Basi katika jambo hili mgeni ni yeye, wala si wewe.

Tena Waingereza wanalo neno "noon", maana yake adhuhuri. Neno hilo limetoka katika neno la Kilatini la kutaja saa ya tisa, yaani saa ya tisa tangu macheo, ambayo ni alasiri. Hapo kale sala ya saa ya tisa ilisogezwa polepole mpaka ikafika katikati ya mchana, na jina lake likaifuata. Hivyo Mwingereza asemapo "noon" hutamka jina la saa tisa ya zamani, ijapokuwa mwenyewe hajui.

Sasa tuulize, kwa nini watu wa Ulaya waliiacha hesabu ya jua? Sababu moja ni kwamba jua la kwao halikai mahali pamoja. Huko London, mwezi wa Juni, mchana huzidi saa 16. Mwezi wa Desemba haufiki saa 8. Paris nako ni karibu vivyo hivyo. Mtu wa London akianza kuhesabu tangu macheo, saa mbili yake ya Juni itakuwa mbali sana na saa mbili yake ya Desemba. Zamani walipima muda kwa kivuli na kwa maji, wakavumilia saa zinazorefuka na kufupika. Lakini zilipokuja saa za magurudumu, ambazo mwendo wake ni mmoja siku zote, iliwafaa kuhesabu tangu mahali pasipohama sana, yaani usiku wa manane na adhuhuri. Kwa hiyo saa yao ina akili yake, kama saa yetu ilivyo na akili yake. Kila moja inafaa katika nchi iliyoizaa.

Wafaransa walijaribu hata kuibadili hesabu yenyewe. Mwaka 1793, siku za mapinduzi yao, walitoa amri kwamba siku nzima iwe na saa 10, na kila saa iwe na dakika 100. Mafundi wakatengeneza saa za namna hiyo. Lakini watu hawakuzizoea, na mwaka 1795 amri ile ikaahirishwa, isirudi tena. Tunajifunza nini hapa? Tunajifunza kwamba namna ya kuhesabu saa ni desturi iliyopatanwa na watu. Haikushuka kutoka mbinguni, wala haiondolewi kwa amri ya siku moja.

Basi nirudi kwa yule mshauri wa kwanza, asemaye tuache saa ya Kiswahili. Husema, "Simu huonyesha 8:00, kompyuta huonyesha 8:00, ndege huruka kwa saa hiyo, ya nini kuwa na hesabu mbili?" Nakubali kwamba hoja yake ina nguvu. Hakuna mtu awezaye kusafiri mbali bila kuijua saa ya 24. Lakini kujua jambo jipya si kuacha la kwanza. Anayejifunza Kiingereza haambiwi asahau Kiswahili, wala Msambaa anayejifunza Kiswahili haambiwi asahau Kisambaa. Tena saa imeingia ndani ya lugha yetu kama chumvi katika mchuzi. Redio zetu za Kiswahili hutangaza saa kwa hesabu hii. Mama humwita mtoto kwa hesabu hii. Shamba, soko na shule hukutana kwa hesabu hii. Mtu akisema kwa Kiswahili "tukutane saa nane asubuhi", hali anataka kusema saa mbili, hakuifanya lugha yetu kuwa ya kisasa. Amewapoteza tu wanaomsikiliza. Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa.

Mshauri wa pili, asemaye "jumlisha sita, basi", yuko karibu zaidi na kweli, lakini ameishia njiani. Ni kweli kwamba namba hupishana kwa sita. Ukitazama saa ya ukutani, akrabu fupi ikielekea 8, tazama upande wa pili wa uso wa saa, utaona 2. Hiyo ndiyo saa yetu. Ikielekea 11, ng'ambo yake ni 5. Hila hii ni nzuri, tena ni ya kale. Lakini liko kosa ambalo wanafunzi wengi hulifanya: huihamisha na akrabu ndefu. Dakika hazihami. Robo ni robo katika lugha zote tatu, na nusu ni nusu. Tena simu nyingi hazina akrabu wala upande wa pili. Hapo ni lazima uondoe sita kichwani. Ukiona 14:30, ondoa 6, nayo ni saa nane na nusu mchana. Ukiona 20:15, ondoa 6, itabaki 14. Ondoa tena 12, nayo ni saa mbili na robo usiku. Ukiona 00:30, huwezi kuondoa sita, basi uiongeze: ni saa sita na nusu usiku.

Hayo ni hesabu, na hesabu ni sehemu moja tu ya kazi. Sehemu ya pili ni mpango wa maneno, nayo hailingani katika lugha zote. Chukua dakika kumi kabla ya saa mbili asubuhi. Sisi husema "saa mbili kasoro dakika kumi": tunataja saa kwanza, ndipo tunapunguza. Mfaransa husema "huit heures moins dix": naye hutaja saa kwanza, ndipo hupunguza. Mwingereza hugeuza, husema "ten to eight": dakika kwanza, saa baadaye. Hali kadhalika saa tatu kasorobo ni "neuf heures moins le quart" kwa Mfaransa, lakini "a quarter to nine" kwa Mwingereza. Saa mbili na nusu, ambayo wazee huiita saa mbili u nusu, ni "huit heures et demie", na kwa Kiingereza ni "half past eight". Mnaona? Katika mpango wa maneno, Kiswahili na Kifaransa ni ndugu, na Kiingereza ndicho kigeni. Mwanafunzi anayejua hivyo hatakiogopa Kifaransa, ambacho majirani zetu wa Burundi, Kongo na Komoro hukitumia shuleni na ofisini.

Angalieni na haya. Mwingereza hutumia "o'clock" kwa saa kamili tu. Hasemi "half past eight o'clock". Huweza pia kuliacha neno hilo kabisa, akasema "at eight". Mfaransa haliachi neno "heures", kama sisi tusivyoliacha neno "saa". Lakini adhuhuri huiita "midi", na saa sita ya usiku huiita "minuit", bila kutaja namba. Tena, mara nyingi Mfaransa hutumia hesabu ya 24 hata katika mazungumzo: saa nane na nusu mchana huiita "quatorze heures trente". Akihesabu hivyo hasemi "et demie" wala "et quart". Hutaja dakika zenyewe. Na Mwingereza akikuambia kwa kifupi "half eight", maana yake ni saa mbili na nusu. Lakini Mjerumani akisema "halb acht", maneno yanayofanana na hayo, maana yake ni saa moja na nusu, kwa kuwa yeye huhesabu nusu ya kuielekea ile saa ya nane yao. Babu zetu wa Usambara, waliotawaliwa na Wajerumani hata mwaka 1916, kisha wakatawaliwa na Waingereza, walikuta mataifa mawili ya Ulaya yasiyopatana hata juu ya nusu saa. Basi ile inayoitwa "saa ya dunia nzima" si moja katika vinywa vya watu.

Sehemu ya tatu ni majina ya vipindi vya siku. Saa saba usiku ni usiku kweli kweli kwetu. Fisi bado anazunguka. Lakini Mwingereza huiita "one in the morning", na Mfaransa "une heure du matin", kana kwamba asubuhi imekwisha kufika. Mwanafunzi akitafsiri neno "usiku" bila kufikiri, atasema maneno wasiyoyasema wenyewe. Vivyo hivyo saa kumi na moja, ambayo sisi huiita jioni, Mwingereza huiita "five in the afternoon", yaani bado ni baada ya adhuhuri. Herufi zile "a.m." na "p.m." ni vifupisho vya Kilatini, maana yake kabla ya adhuhuri na baada ya adhuhuri, wala hazimaanishi mchana na usiku.

Pengine mtauliza, "Mwalimu, je, makosa haya yana madhara gani? Si maneno tu?" Yana madhara. Tuseme kijana wa Mnazi anasafiri kwenda Dar es Salaam, naye amekata tiketi iliyoandikwa 12:00 peke yake. Je, ni saa kumi na mbili alfajiri, au ni saa sita mchana? Akikosea, basi litamwacha, na nauli ya mzazi wake imepotea. Tuseme dada yake ana tiketi ya ndege ya tarehe 12, saa 00:30. Kwa desturi yetu huo ni usiku wa kuamkia tarehe 12, na ni lazima afike uwanjani jioni ya tarehe 11. Akifika jioni ya tarehe 12, ndege imekwisha kuondoka karibu siku nzima. Na mtu anayevuka kutoka Kigoma kwenda Bujumbura, hata akizijua saa zote mbili, akumbuke kwamba Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja: saa mbili asubuhi ya Kigoma ni saa moja asubuhi huko.

Hata katika kusoma historia, asiyejua saa hupotea. Tarehe 26 Agosti 1896 Waingereza walimpa Khalid bin Barghash, aliyekuwa ameshika kiti cha usultani wa Unguja, amri ya kutoka katika jumba la kifalme, nao walimngoja hata asubuhi ya kesho yake. Vitabu vya Kiingereza husema muda wa mwisho ulikuwa "nine o'clock". Saa hiyo ilipopita kwa dakika chache, mizinga ya manowari ikaanza kupiga, na kabla ya saa moja nzima kwisha mapigano yakawa yamekoma na jumba limeharibika. Mwanafunzi akitafsiri kwamba Khalid alipewa muda hata saa tisa, ameharibu habari yote. Maana saa tisa ya siku ile mizinga ilikuwa imenyamaza kwa saa nyingi. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Basi shauri langu ni hili: saa hufuata lugha. Ukisema Kiswahili, hesabu kwa Kiswahili. Ukisema Kiingereza, hesabu kwa Kiingereza. Ukisema Kifaransa, hesabu kwa Kifaransa. Usichukue namba ya lugha moja ukaiweka katika kinywa cha nyingine. Na ili usihitaji kuhesabu vidole kila mara, jizoeze kuifikiri saa ndani ya lugha yenyewe. Kengele ya shule ikilia asubuhi, sema moyoni saa ile kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa. Fanya hivyo ukila chakula cha mchana, fanya hivyo ukirudi na ng'ombe jioni. Baada ya mwezi mmoja "half past two" haitakuwa tena hesabu ya kuongeza na kuondoa. Itakuwa ni jina la ule wakati ambao jua limepinda kidogo na kivuli kimeanza kurefuka upande wa mashariki.

Katika kuandika, tuwe na adabu ya kumfikiri msomaji. Tukiandika Kiswahili, tuandike neno "saa" kabla ya namba, na kipindi cha siku baada yake: saa 2:00 asubuhi, saa 8:30 mchana, saa 4:00 usiku. Tukiandika kwa hesabu ya Kizungu, tutumie zile saa 24, au tuweke "a.m." au "p.m." Namba tupu isiyo na neno ni mtego. Na mtu akikuandikia namba tupu, usione haya kumwuliza, "Ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu?" Swali hilo halichukui hata nusu dakika, nalo limewaokoa wengi na safari ya bure.

Wahenga walisema pia, ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Maana yake si kwamba uharibu macho yako; ni kwamba ukiwa kwa watu, ufuate desturi zao kwa heshima. Nasi tuwape Waingereza na Wafaransa heshima hiyo kwa kuzitaja saa zao kama wao wazitajavyo. Lakini nyumbani, jua likichomoza juu ya nyika ya Mnazi na saa ya kwanza ya mchana ikitimia, tusione haya kuiita saa moja.